Mkwe wa Nyonga ya Kulia

Kwa muda mrefu Nachimbusa alikalia tako moja tu, la kushoto. Ukimpa kiti, anakaa pembeni kabisa kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Akija kwetu kuazima chumvi, anaingia mlangoni kwa ubavu, bega la kushoto mbele, na akitoka anatoka hivyohivyo, kinyumenyume. Watoto walikuwa wanamwigiza. Watu wazima hawakucheka, au walicheka wakishafika nyumbani kwao, kwa sababu Kashikishi nzima, mji wetu huu wa kando ya ziwa, ilijua: ndani ya nyonga yake ya kulia alikuwa anakaa mkwe wake, na mama mkwe hamkalii mkwe.

Mimi nilikuwa shibukombe wa mkwe huyo. Shibukombe ni mtu wa kati, yule anayetumwa na upande wa mwanamume kwenda kusema maneno ya ndoa kwa wazazi wa binti. Huwa ni mzee, huwa ni mwanamume, na huwa ana mdomo. Mimi ni msichana wa gredi ya kumi na moja. Mwalimu akiniuliza jibu ambalo nalijua, ninaangalia meza mpaka achoke na amuulize mwingine. Nitaeleza ilivyokuwa.

Mama yangu alikuwa mwalimu huko Pweto, Kongo, kabla hatujavuka kuja Zambia, na anataka niandike Kiswahili cha kitabu. Nitajaribu. Ila watu nitawaacha waseme vile wanavyosema.

Nachimbusa, kwa asiyejua, ni mama anayewafundisha mabinti kabla ya kuolewa: kupiga magoti, kupika, kupokea wageni wa mume, lini kunyamaza na lini kusema. Wako kadhaa kando hii ya ziwa, lakini ukisema "Nachimbusa" bila kuongeza kitu, watu wanajua ni huyu wa nyuma ya nyumba yetu. Nusu ya wanawake wa sokoni walipita mikononi mwake. Bado wanamwogopa. Nimemwona mama mwenye wajukuu akificha chupa ya soda nyuma ya sketi kwa sababu Nachimbusa anapita, na Nachimbusa aliwahi kusema mwanamke hanywi akisimama.

Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa akisimama. Alifundisha mabinti wasiongee na chakula mdomoni, na mdomo wake haukukosa karanga tangu asubuhi. Alifundisha wasipeleke habari za nyumba hii nyumba ile, na mama yangu anasema hajawahi kununua redio kwa sababu anakaa jirani na Nachimbusa. Nadhani hakuona mgongano wowote. Mafundisho yalikuwa ya mabinti. Yeye alikuwa ofisi.

Tulipohamia pale, mama yangu alikwenda kumsalimia, akapiga magoti vizuri kama anavyojua. Nachimbusa alimtazama akitafuna.

"Bakongo munapiga magoti sawa na batu banatafuta sindano," akasema. "Simama. Anza tena."

Mama yangu alikuwa na watoto wanne na diploma ya ualimu. Alisimama, akaanza tena.

Kibemba ndiyo lugha yake, lakini Kiswahili alikiokota ujanani, alipokuwa anavuka na samaki kwenda kuuza ng'ambo, na kwetu alitumia hicho. Ni katika safari hizo alipoanguka kutoka juu ya lori la samaki, akavunjika nyonga. Mjini wakamwekea ya chuma. Chuma hicho alikitumia miaka mingi bila heshima yoyote. Alikipeleka mashambani, alikipandisha kwenye mitumbwi, alikichezesha ngoma kwenye arusi zote za hapa. Mwishoni kikalegea. Kilikuwa kinacheza ndani kama jino la mtoto wa gredi ya kwanza, na akitembea tulikisikia.

Akarudi mjini. Daktari wa mifupa akafungua, akatoa chuma cha zamani, akakuta mfupa wenyewe umelika kukizunguka, pamebaki shimo. Huwezi kusimamisha nguzo kwenye shimo tupu. Basi akachukua mfupa wa mtu mwingine, akausaga vipande vidogovidogo, akaujaza mle ndani na kuushindilia kwa nyundo, halafu akasimamisha chuma kipya katikati. Kuna watu wanaokatwa kichwa cha nyonga ili nao wawekewe chuma, na kile kichwa wanakiachia hospitali, kinawekwa kwenye friza kumsubiri mhitaji. Nachimbusa aliuliza swali moja tu: aliyeacha mfupa huo alikuwa mwanamume au mwanamke? Muuguzi akamwambia jina haliruhusiwi kutajwa, lakini ni mwanamume.

Muuguzi angejua matokeo yake, angesema hajui.

"Mwanaume anaingia mu nyumba yako bila kupiga hodi, ni nani?" Nachimbusa alimuuliza mama yangu siku aliporudi, amekaa pembeni ya kiti kwa mara ya kwanza. "Ni mwizi ao ni mukwe. Hakuna ingine."

"Ba Nachimbusa, ni mufupa tu," mama yangu akasema.

"Mwizi, hakuna mutu atamupigilia na nyundo asitoke. Huyu banamupigilia. Donc ni mukwe." Neno hilo donc, yaani "kwa hiyo", alilipenda sana. Alilitoa ng'ambo pamoja na Kiswahili. "Tena alikuwa mu friza. Sawa pale." Pale ni samaki mnene wa ziwa letu, anayepelekwa mjini kwenye barafu. "Maskini. Alisikia baridi."

Mama yangu alicheka mpaka Nachimbusa akamwangalia. Hakucheka tena.

Mwanzoni sikuelewa kwa nini jambo lile lilimshika vile. Sasa naelewa kidogo. Nachimbusa hakuwa na binti. Alikuwa na watoto wa kiume, wakaenda migodini. Aliwafundisha mabinti wote wa watu wengine, akawakabidhi kwa waume, akala arusi zao zote, akaenda nyumbani. Hakuna mwanamume hata mmoja duniani aliyewahi kulazimika kumkimbia njiani. Maana hapa kwetu mkwe akimwona mama mkwe anakuja anaacha njia, anaingia majani, na mama naye anageuza uso. Hawali pamoja. Hawaangaliani. Hiyo ndiyo heshima, na inakwenda hivyo miaka, mpaka siku mama atakapompikia karamu kubwa ya kumwingiza ndani. Baada ya hapo mkwe ni mtu wa nyumba. Unaweza kumtuma, kumwegemea, hata kumgombeza.

Kwa hiyo alishika masharti yote. Juu ya kitenge chake alifunga kitenge cha pili, cha kijani, kufunika nyonga ya kulia, ili mkwe asimwone naye asimwone. Wakati wa kula aligeukia kushoto. Akitaka kuoga aligonga ukuta wa bafu mara kadhaa kumwonya, ingawa mkwe hakuwa na pa kwenda. Mabinti waliokuja kufundishwa walikaa upande wa kushoto tu, kwa sababu mambo mengine hayafai masikio ya mwanamume.

Na hakuukanyagia mguu wa kulia. Aliugusisha chini kwa vidole, uzito wote ukabaki kwenye fimbo na mguu wa kushoto.

Mwanzoni ilikuwa sawa. Daktari mwenyewe alikuwa ameagiza asiubebeshe. Lakini wakati ulifika wa kuanza kukanyaga, kidogo, halafu zaidi, halafu wote. Kijana wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya hapa wilayani Nchelenge alimpanga kati ya mabomba mawili ya kushikilia, akamwambia: sasa.

"Mi sikanyagi mukwe," akasema Nachimbusa.

Yule kijana alidhani ni maumivu. Alimpa dawa. Wiki iliyofuata alidhani ni woga, akamfundisha kupumua. Ndipo mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, aliyefundishwa na Nachimbusa zamani, akamnong'oneza ukweli. Kijana akakaa chini kwenye mpira wake mkubwa wa mazoezi, akabaki anadundadunda polepole, anafikiri.

Tatizo jingine lilikuwa kwamba Nachimbusa hakukubali kuongea habari za mkwe na mwanamume mgeni, uso kwa uso. Mambo ya mkwe yanapitia kwa shibukombe. Na shibukombe huletwa na upande wa mkwe, na upande wa mkwe ulikuwa friza. Siku hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali kumbebea mfuko. Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu. Mwishikulu wangu huyu wa Kongo. Hasemi."

"Kama hasemi, atafikishaje ujumbe?" kijana akauliza.

"Shibukombe mubaya ni ule anaongeza yake. Huyu hata ya watu hatoi. Itafika kidogo, lakini itafika safi."

Mwishikulu ni mjukuu kwa Kibemba. Nilitamani sakafu ifunguke. Haikufunguka, ni sakafu ya hospitali.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kijana anasema Kibemba chake mbele yetu sote watatu, mkwe akiwemo, Nachimbusa anaangalia dari kama hasikii, halafu mimi ninageuka na kurudia yaleyale sikioni mwake kwa Kiswahili, na hapo ndipo anashtuka: "Ati nini?"

Siku ya picha ya mionzi haikuwa ya kuchekesha sana. Kijana aliiweka picha kwenye kioo chenye taa, akampigia daktari wa mjini simu, wakaongea Kiingereza, na nilifuata karibu yote. Vile vipande vya mfupa bado vilionekana kimoja kimoja, kama mihogo iliyokatwa ikaanikwa. Havikuwa vimeshikana na mfupa wake. Kijana alinieleza taratibu, akachora kwenye kiganja chake kwa kalamu. Mfupa uliowekwa umekufa, hauna uhai wowote, ni kama jukwaa la miti la wajenzi. Kazi yake ni kungoja. Mishipa midogo ya damu ya Nachimbusa mwenyewe inaingia katikati ya vile vipande. Inaleta wafanyakazi wa aina mbili. Wa kwanza wanaula mfupa mgeni kidogokidogo. Wa pili wanakuja nyuma yao wakijenga mfupa mpya, wa kwake. Lakini wajenzi hao hawajui wajenge wapi mpaka wasikie uzito. Panapobonyezwa ndipo wanajenga. Pasipobonyezwa, wale wa kula wanakula, wa kujenga hawaji, jukwaa linayeyuka na chuma kinazama.

"Kikizama?" nikauliza. Nadhani lilikuwa swali langu la kwanza kwa mtu wa hospitali maishani.

"Daktari anasema hatakuwa na pa kushikiza kingine. Ataenda kwa kiti cha magurudumu. Mchangani hapa." Akafuta kiganja. "Anataka picha nyingine kabla ya mvua kubwa kuisha. Mwambie akanyage."

Nilimwambia nyumbani, tumekaa nyuma ya jiko lake, yeye kwenye kipande cha mbao. Nilianza vibaya. Nilianza na sehemu ya kula.

"Mi ninakula mukwe?"

"Si weye. Damu yako. Polepole."

Karanga alizitema. "Nilimupa heshima yote ile," akasema, "na ndani ninamula." Halafu akaanza kucheka, kicheko kirefu kinachotikisa upande mmoja tu, na katikati ya kicheko akafuta macho. "Na nisipomukanyaga?"

"Ataisha bure. Na weye hautasimama tena."

"Na nikimukanyaga kama sijamuingiza, mi ni mama gani? Batoto bote nilibafundisha, batasema nini?"

Ndipo nikasema neno ambalo sikutumwa kusema. "Basi umuingize."

Alinitazama kama nimepiga magoti sawasawa kwa mara ya kwanza.

Karamu ya kumwingiza mkwe haifanywi na mama peke yake. Wanawake wakubwa wanakaa, wanasikiliza, wanakubali. Kati yao alikuwemo mama wa chisense, na hapo palikuwa na tatizo, kwa sababu mama wa chisense na Nachimbusa hawakusalimiana. Ugomvi ulihusu sufuria. Mama huyu anakausha chisense, vile visamaki vidogo kama misumari, anavianika mchangani mbele ya nyumba yake eneo kubwa kama uwanja wa mpira, na harufu yake ndiyo hewa ya mtaa wetu. Ni mtu wa kanisa sana. Mwezi ule kanisani alikuwa ametoa ushuhuda mzuri kuliko wote: mvua ilikuja ghafla kutoka ziwani akiwa sokoni, akakimbia nyumbani akilia, akakuta chisense zake zote zimekusanywa, zimefunikwa kwa plastiki na kuwekewa mawe pembeni. Hakuna jirani aliyesema ni mimi. Malaika, akasema. Alitoa karai zima la samaki kama shukrani. Tulipiga makofi kanisa zima. Mimi nilipiga taratibu.

Wanawake hao walikutana uani kwa Nachimbusa mchana. Mimi nilikaa kwenye mkeka wa shibukombe, peke yangu. Mama wa chisense alisimama kwanza.

"Mukwe anaingizwa akimaliza kutumika kazi," akasema, akiangalia wengine, si mwenye nyumba. "Bote balikuwa vile. Bwana yangu alilima shamba ya mama yangu, alijenga ghala. Huyu alifanya nini? Alilima wapi?"

"Iko ndani ya nyonga," mama mmoja akasema. "Atalima namna gani?"

"Hiyo ni shida yake. Kuni alileta?"

"Mama, ni mufupa!"

"Mi sikuita ye mukwe. Mwenyewe alimuita mukwe. Kama ni mukwe, atumike. Kama ni mufupa, amukanyage, turudie kwetu, niko na samaki juani."

Wote wakamgeukia Nachimbusa. Nilimwona anatafuta njia. Angeweza kusema: sawa, ni mfupa. Neno moja tu, na angesimama palepale. Lakini mwaka mzima alikuwa amempisha mtu huyo mlangoni. Na kanuni ile ni yeye aliyeifundisha. Wakwe wangapi aliwazuia kwa kanuni hiyohiyo, mmoja kwa sababu ya kibanda cha kuku kisicho na paa.

"Anasema kweli," akasema Nachimbusa polepole. "Mukwe hajatumika. Sikumupa kazi. Na sitamupa kazi kama hajaingia. Na hataingia kama hajatumika." Akashika fimbo yake. "Bon. Basi. Nitaikala mu kiti ya magurudumu. Mutanisukuma."

Wanawake wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Alitumika," mtu akasema.

Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Sauti yangu ilitoka kama bomba lisilo na maji, kwanza upepo, halafu matone.

"Nani alitumika?"

"Mukwe. Siku ya mvua." Niliangalia mkeka. "Ba Nachimbusa alikuwa anapita. Mvua ikaonekana juu ya ziwa. Alitupa fimbo. Alikimbia. Miguu yote mbili. Alikusanya chisense yote, alibeba mawe, alifunika. Kisha aliangalia kama hakuna mutu, akatwaa fimbo, akaenda tena vile anaendaka."

Waliokuwa wameanza kuondoka walirudi.

"Chisense ya nani?" mmoja akauliza, ingawa wote walishajua.

Nilionyesha kwa kidevu.

Mama wa chisense alikuwa bado ameinama na kiatu kimoja mkononi. "Weye uliona wapi? Mi niliuliza batu bote. Hapakuwa mutu."

Nilijua swali hilo litakuja, na ndilo lililonifanya ninyamaze wiki zote zile. "Nilikuwa chooni," nikasema. "Ile ya majani. Iko na tundu."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nachimbusa alikuwa amejifunika uso kwa kitenge cha kijani, mabega yanatikisika, na sikujua kama ni aibu ya kumkanyaga mkwe au ya kumsaidia adui.

Mama wa chisense hakucheka. Alivaa kiatu, akakivua tena. "Donc haikukuwa malaika," akasema.

"Samahani, mama."

"Nilitoa karai muzima."

"Ndiyo, mama."

Aliinua macho juu. Nadhani alikuwa anamuaga malaika. Halafu kwa mara ya kwanza tangu sufuria ile akamgeukia Nachimbusa uso kwa uso. "Mukwe yako anatumika muzuri," akasema. "Jiwe zote ziliikala mahali yake. Aingie. Chisense ya karamu nitapika miye, weye unatiaka chumvi mingi."

Basi tukamwingiza. Picha ya mionzi tuliining'iniza dirishani kwa vibanio vya nguo, jua nyuma yake, ili mkwe awepo. Chini ya picha kiti, na kwenye kiti mimi, mdomo wa mkwe. Wanawake walikuja kwa mstari, vyungu kichwani, ngoma mbele, na Nachimbusa akapokea kimoja kimoja, akafunua, akamweleza mkwe: hii ni pale, kichwa ni chako. Hii ni majani ya muhogo na karanga, ukiona inakosa karanga ujue nimekukasirikia. Hii kuku, viungo vyote viko, hesabu. Hii chisense, ile uliokota mwenyewe. Kila alipomaliza mimi nilikula kijiko. Shibukombe haongei wakati huo, na mimi sikuwahi kufurahia kazi kama ile. Mama yangu alikuwa pembeni na mandazi yake, ameacha kabisa kusema ni mfupa tu. Kijana wa mazoezi alialikwa kama ndugu wa mkwe, maana ndiye pekee aliyekuwa amemwona sura. Alikula sana, kwa niaba ya ukoo.

Mwishoni Nachimbusa alifungua kitenge cha kijani, akakikunja, akampa mama wa chisense ashike pamoja na fimbo. Ngoma zikanyamaza. Kijana akaacha kutafuna, akasogea karibu, mikono wazi.

"Mukwe," akasema Nachimbusa, akiangalia nyonga yake waziwazi, "ukisikia uzito, usiogope. Ni miye."

Akakanyaga. Mguu wote, kisigino mpaka vidole. Uso ukajikunja, jasho likatoka juu ya mdomo. Akasimama hapo. Halafu akakanyaga tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya maumivu na kelele. Alitembea kila asubuhi kutoka nyumbani mpaka wanakoshushia samaki, na njia nzima tulimsikia akimtuma mkwe: panda, shuka, ngojea, wacha uvivu. Mimi nilirudi kwenye mitihani yangu. Kazi ya shibukombe huisha mkwe akishaingia.

Nimekutana na Nachimbusa juzi. Nilikuwa bandarini na beseni la mandazi ya mama, boti za ng'ambo zinashusha watu, na nikamwona anakuja kati ya mizigo. Anakuja kwa mbele. Kifua mbele, uso mbele, hana fimbo, karai la pale kichwani. Kitenge cha kijani bado alikuwa nacho, lakini amekifunga kwa mshazari, fundo begani, kimepita chini ya nyonga ya kulia, vile mama anavyombeba mtoto ubavuni akiwa na kazi. Ndani yake hakukuwa na kitu.

Nilipiga magoti kumsalimia. Hakunisahihisha. Hilo lilinitisha.

"Ninatoka hospitali," akasema. "Daktari mwenyewe alikuja. Anaweka picha mu taa. Mi ninaangalia, ninaangalia. Ninamuuliza: mukwe iko wapi? Anasema haiko."

"Haiko?"

"Haiko hata kipande. Anasema yote inashikana, yote sasa ni mufupa yangu, hata yeye hawezi kuonyesha ya mugeni iliishia wapi. Anafurahi! Anapiga mukono ya kijana wa mazoezi. Mi nilienda kulia mu choo." Akatua karai chini, akainama bila kushika popote, akainuka. "Nilimula, mwishikulu. Nikamumaliza."

Boti moja ilikuwa inapakua magunia na watu wanatupita kushoto na kulia.

"Kisha njiani niliwaza," akasema. Akanikazia macho, macho yale ya kufundishia. "Weye unasoma. Sikiliza. Kitu kidogo kinaingia mu mwili yangu. Mi sikukijua. Damu yangu inakikulisha, inakijenga, mwaka muzima, mi ninakibeba, kinaniumiza. Siku moja kinakuwa tayari, na batu banaangalia banasema: eh, kinafanana na mama yake. Kitu ya vile inaitwaka nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Niliangalia mandazi. Nilingoja amuulize mwingine, lakini alikuwa ameniuliza mimi, na alisimama hapo hapo njiani, watu wanamzunguka na mizigo wakimtukana kwa heshima, na hakumuuliza mwingine.

"Mutoto," nikasema.

"Sauti."

"Mutoto!"

Wapakuaji waligeuka. Mmoja akauliza mtoto gani, amepotea? Nachimbusa hakumjibu. Alijipiga nyonga ya kulia kofi moja, kofi la mama, si la hasira.

"Umesikia?" akaiambia. "Basi, acha kunisumbua, tuuzishe samaki."

Akavuta kreti tupu la soda, akaligeuza, akalikalia. Matako yote mawili.